Mbwa Wako Anakuonaje? Mazungumzo Kuhusu Wanyama wa Nyumbani na Afya Yetu

  Leo tuna mada ambayo huenda ikawachekesha wengine. Tunauliza: mnyama unayemfuga anakuonaje wewe? Mbwa anayelala mlangoni, paka anayezunguka jikoni, punda anayekuvutia maji, mbuzi na ngamia wa boma lako, wakikutazama wanafikiri nini?

Najua mtu mmoja huko Kulamawe tayari anasema, "Sista, hayo mwachie daktari wa mifugo. Sisi tuambie habari za malaria." Ngoja kidogo. Katika chumba cha kufunga vidonda, mtoto akiletwa ameumwa na mbwa, swali la kwanza ninalouliza ni hili: mbwa huyo ni wa nani? Mara nyingi jibu ni, "Ni wetu," au "Ni wa jirani." Halafu mzazi huongeza, "Hatujui kilichomwingia. Siku zote alikuwa mpole."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nichague mada hii. Mbwa alikuwa na jambo moyoni, akalionyesha kwa mwili wake, na hakuna aliyelisoma. Au mbwa alikuwa mgonjwa, hakuwatambua tena watu wake, na pia hakuna aliyelisoma. Kwa hiyo kujua mnyama anakuonaje ni jambo la afya. Linaweza kuokoa uso wa mtoto, na linaweza kuokoa maisha.

MBWA ANAKUJUA KWA PUA

Tuanze na mbwa. Binadamu na mbwa wamekaa pamoja kwa zaidi ya miaka 14,000, hata kabla ya ng'ombe na mbuzi kufugwa. Alitokana na mbwa mwitu wa nchi za baridi, wale wakubwa wa kijivu. Hapa kwetu Isiolo anafanya kazi ya askari. Usiku fisi akisogelea boma la mbuzi kule Burat au Oldonyiro, ni nani hubweka kwanza? Mchungaji anayelala nje na mifugo anajua thamani ya mbwa huyo.

Wewe unamjua mtu kwa kumwona usoni. Mbwa anakujua zaidi kwa pua. Ndani ya pua ya binadamu kuna chembe za kunusia zipatazo milioni 6 hivi. Katika pua ya mbwa zimo zaidi ya milioni 100. Ukirudi nyumbani kutoka sokoni, mbwa anajua ulipita wapi, ulimshika mnyama gani, na kama umebeba nyama. Ndiyo maana anakunusa miguu kabla ya kukusalimu.

Je, anakupenda, au anapenda tu makombo ya ugali? Wataalamu wamejaribu kulichunguza swali hili. Huko Marekani, mtaalamu Gregory Berns wa Chuo Kikuu cha Emory aliwafundisha mbwa kulala kimya, wakiwa macho, ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 2012. Baadaye mbwa hao walinusishwa harufu mbalimbali: harufu ya mbwa wageni, ya mbwa wanaowajua, ya watu wageni, na ya mtu wa nyumbani kwao. Sehemu ya ubongo inayohusika na kungojea jambo zuri ilichangamka zaidi kwa harufu ya yule mtu wa nyumbani, ingawa mwenyewe hakuwapo chumbani.

Mwaka 2015 wataalamu wa Japani walionyesha jambo jingine. Mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni kwa upole, homoni iitwayo oksitosini huongezeka katika miili ya wote wawili. Akina mama, homoni hiyo mnaijua hata kama jina lake ni geni. Ndiyo inayoyafanya maziwa yatoke mtoto anaponyonya, na ndiyo inayosaidia mama na mtoto mchanga kushikamana. Kwa hiyo mbwa akikutazama kwa utulivu, hana habari ya chakula tu. Kwake wewe ni mtu wa kutegemewa.

Lakini angalia hapa, msikilizaji. Nimesema kwa upole. Mbwa usiyemjua, ukimkodolea macho, anaona unamtisha. Tendo ni lile lile, ila maana yake hubadilika kulingana na anayelifanya. Mtoto mdogo hajui tofauti hiyo, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

"AMEJUA AMEKOSA"

Wengi wetu tumewahi kusema hivi. Umerudi nyumbani, ukakuta mbwa amemwaga unga au amekula nyama. Unamtazama, naye anainamisha kichwa, anakunja mkia, anageuza macho. Unasema, "Tazama, anajua amekosa." Kisha fimbo inashuka.

Mwaka 2009, mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alilichunguza jambo hili. Mbwa aliachwa na chakula alichokatazwa. Wengine walikula, wengine hawakula. Lakini wenye mbwa hawakuambiwa ukweli kila mara. Wakati mwingine mbwa asiye na kosa alikaripiwa, na mwenye kosa akasalimiwa vizuri. Matokeo yake ni kwamba uso ule wa "nimekosa" ulionekana zaidi kwa mbwa aliyekaripiwa, awe amekula au hakula. Mbwa alikuwa anausoma uso na sauti ya mwenyewe. Alichoonyesha kilikuwa hofu.

Kwa nini mimi muuguzi nakuambia haya? Kwa sababu mbwa anayepigwa bila kujua kosa lake hajifunzi kuwa mwema. Anajifunza kwamba mkono wa binadamu ukiinuka, maumivu yanakuja. Siku moja mkono unaoinuka utakuwa wa mtoto wa miaka 4 anayetaka kumshika kichwa. Mbwa hatauliza ni mkono wa nani.

MTOTO MACHONI PA MBWA

Sasa jaribu kumwona mtoto kama mbwa anavyomwona. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa. Anapiga kelele ghafla. Anakimbia ovyo. Anavuta masikio na mkia. Anakumbatia shingo, na mbwa wengi hawapendi kubanwa shingo hata na mtu wanayempenda. Tena mtoto ananukia maziwa na chakula. Mtoto akiumwa, mara nyingi jeraha huwa kichwani, usoni au shingoni, na hayo ndiyo majeraha mabaya zaidi, kwa sababu yako karibu na ubongo.

Mbwa huonya kabla ya kuuma, isipokuwa mara chache. Zijue dalili hizi:

Anakauka ghafla, mwili mzima unakuwa mgumu kama mti.
Anageuza kichwa pembeni, lakini macho yanabaki kwako, na weupe wa jicho unaonekana.
Anajilamba midomo au kupiga miayo, wakati hakuna chakula wala usingizi.
Anakunja mkia katikati ya miguu, au anausimamisha juu na kuutikisa kwa ugumu. Kutikisa mkia si furaha kila wakati.
Manyoya ya mgongo yanasimama, anakunja midomo na kuonyesha meno.
Ananguruma.

Hiyo ya mwisho, usimpige mbwa kwa sababu amenguruma. Kunguruma ni onyo, ni kama mtu anayekuambia, "Tafadhali, niache." Ukimzoesha kwamba kunguruma ni kosa, ataacha kunguruma. Siku nyingine atauma bila onyo.

Kuna nyakati nne ambazo mtoto asimguse mbwa yeyote, hata yule wa nyumbani: mbwa anapokula, anapolala, anapokuwa na watoto wake, na anapokuwa amefungwa au ana jeraha. Mtoto wa chini ya miaka 5 asiachwe peke yake na mbwa, hata kwa dakika ya kwenda dukani kununua chumvi.

Wafundishe watoto michezo miwili. Wa kwanza ni mchezo wa mti. Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie. Simama wima, mikono ishikamane na mwili, tazama chini, nyamaza. Mbwa atanusa na kwenda zake. Wa pili ni mchezo wa jiwe. Ukiangushwa, jikunje, ficha uso na tumbo, funika shingo kwa mikono, tulia. Walimu wa chekechea, mnaweza kuicheza kila wiki uwanjani. Inachukua dakika 5 tu.

PAKA, PUNDA, MBUZI NA NGAMIA

Paka, watu husema, hamjali mtu. Si kweli kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walionyesha kwamba paka hutambua jina lake likitamkwa katikati ya maneno mengine. Anaweza kukusikia vizuri na kuamua kutokuja, na nadhani wenye paka mnacheka sasa hivi. Paka akikujia mkia umesimama juu na kujisugua miguuni pako, anakusalimu jinsi anavyomsalimu paka rafiki. Akipiga mkia huku na huku kwa nguvu na kulaza masikio nyuma, amechoka kushikwashikwa. Mwache, kwa sababu jeraha la meno ya paka ni dogo lakini huingia ndani na kufanya usaha upesi.

Punda tumemtungia methali: asante ya punda ni mateke. Maskini punda! Macho yake yako pembeni mwa kichwa, na nyuma yake kabisa haoni. Ukimgusa huko bila kutoa sauti, hajui kama ni wewe au ni simba. Tena punda huficha maumivu yake. Anaweza kuvuta mkokoteni wenye jerikani za maji kutwa nzima akiwa na kidonda chini ya kamba. Mgongo ukiuma na kamba ikikazwa juu ya kidonda, teke linafuata. Tazama kidonda kwanza, kisha ndipo uzungumze habari ya shukrani.

Mbuzi naye si mjinga. Mwaka 2016 watafiti wa London waliwapa mbuzi sanduku lenye chakula. Baadaye wakalifunga lisiweze kufunguka. Mbuzi walilitazama sanduku, wakamtazama mtu usoni, wakalitazama sanduku tena, kama mtoto anayeomba msaada. Wachungaji wa hapa hawakuhitaji kuambiwa na London. Kila mchungaji ana mbuzi wake anayemjua kwa sauti.

Ngamia, wazee watakuambia, hasahau aliyemtendea vibaya. Kwa afya yako shika hili moja: ngamia dume wakati wa kupandana hubadilika. Hutoa mdomoni kitu kama kibofu chekundu, hutoa povu, husaga meno. Wakati huo hata mchungaji aliyemlea anaweza kuumwa, na meno ya ngamia huvunja mfupa. Watoto wasikaribie.

SIKU MBWA ASIPOKUJUA TENA

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mnyama mwenye akili timamu. Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Kuna ugonjwa unaoweza kuufuta kabisa ule urafiki wa miaka yote. Ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu unaletwa na kirusi kilichomo kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Kinaingia kupitia jeraha la meno, mkwaruzo, au mate yakigusa kidonda, macho au mdomo. Kikishaingia, husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Kikifika huko, mnyama anaacha kuwa yule unayemjua. Mbwa ambaye jana alikukimbilia, leo anakuuma. Hakukasirikia kitu, wala hakulogwa na jirani. Ubongo wake umeharibiwa na kirusi, naye hajui tena kwamba wewe ni mwenyewe.

Hapa Kenya mbwa wa kwanza mwenye ugonjwa huu aliandikwa mwaka 1912, karibu na Nairobi. Hadi leo bado tunazika watu. Inakadiriwa kwamba Wakenya wapatao 2,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, na duniani kote watu wapatao 59,000, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na wengi ni watoto. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kuvimaliza vifo hivi ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hautafaulu maofisini peke yake. Unahitaji boma lako na langu.

Dalili za mbwa mwenye kichaa ni hizi. Kwanza ni mabadiliko: mbwa mpole anakuwa mkali, au mbwa mkali anakuwa mpole kupita kiasi na kujificha gizani. Sauti yake ya kubweka inabadilika. Mate yanamtoka kwa wingi kwa sababu hawezi kumeza. Taya la chini linaweza kulegea. Anauma vitu ovyo, hata mawe na miti, na anatembea mbali bila sababu. Mwisho anapooza na kufa, kwa kawaida ndani ya siku 10 tangu dalili zionekane.

Wafugaji, naomba mnisikilize hapa kwa makini. Ng'ombe, ngamia, punda na mbuzi pia huumwa na mbwa au bweha mwenye kichaa, nao huugua. Mchungaji anaona ng'ombe anatokwa na mate, anashindwa kula, analia kwa sauti ngeni. Anadhani kuna mfupa au mwiba umekwama kooni, anaingiza mkono mdomoni kuutoa. Tafadhali, usiingize mkono. Mtenge mnyama huyo, mwite daktari wa mifugo. Usimchinje ili nyama isipotee, na usinywe maziwa yake.

UKIUMWA, FANYA HIVI

Jambo la kwanza ni maji na sabuni. Osha jeraha papo hapo chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kama huna bomba, mtu mmoja amimine maji kutoka kwa jerikani, mwingine aoshe. Sabuni ya kipande inatosha, kwa maana sabuni hukiharibu kirusi hiki. Najua maji ni shida kwetu, na wakati wa kiangazi kila tone lina hesabu. Lakini haya si maji ya kuhurumia. Kutoka Merti au Sericho hadi mjini Isiolo ni mbali, na huko kuosha ndiyo dawa pekee utakayoipata saa ya kwanza.

Jambo la pili, usipake jivu, pilipili, mafuta ya gari, kinyesi cha ng'ombe wala majani. Usilifunge jeraha kwa nguvu na usikubali lishonwe haraka haraka kabla ya kuhudumiwa ipasavyo.

Jambo la tatu, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Utapewa chanjo ya kichaa cha mbwa, na kama jeraha ni kubwa au liko kichwani utahitaji pia dawa ya kinga inayodungwa ndani na kandokando ya jeraha. Utaangaliwa pia kuhusu pepopunda. Kama kituo cha kwanza hakina chanjo, usirudi nyumbani kulala. Uliza ni kituo gani kinayo, na umwombe muuguzi apige simu huko kabla hujaondoka.

Jambo la nne, maliza sindano zote kwa tarehe ulizopewa. Wengi huja mara ya kwanza na ya pili, kidonda kikipona hawaonekani tena. Kidonda kupona si kirusi kufa. Ugonjwa huu unaweza kukaa kimya kwa miezi 2 au 3, wakati mwingine hata mwaka na zaidi. Ukishaanza kuonyesha dalili, yaani homa, kuwashwa mahali palipoumwa, kuogopa maji, kuchanganyikiwa, hakuna tiba inayotegemewa na karibu kila mgonjwa hufa. Lakini chanjo ikitolewa mapema, inazuia. Chanjo hiyo ilitumiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1885 na Louis Pasteur huko Ufaransa, kwa mtoto wa kiume wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto yule aliishi akawa mtu mzima. Ya leo ni bora zaidi, na haidungwi tumboni kama wengi wanavyohofia. Hudungwa mkononi, na kwa mtoto mdogo pajani.

Jambo la tano, toa habari kwa ofisi ya mifugo au kwa chifu. Kama mbwa anaonekana mzima na ana mwenyewe, afungwe na kutazamwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, daktari atakuambia kama sindano zilizobaki zinahitajika. Ndiyo maana si vizuri kumuua mbwa papo hapo kwa hasira. Ukimuua, umepoteza njia ya kujua.

TUNACHODAIWA NA WANYAMA WETU

Mbwa hawezi kwenda kliniki mwenyewe. Hana kadi ya chanjo mfukoni. Kama kweli anakuona wewe kuwa mtu wa kumtegemea, basi kazi hiyo ni yako.

Mchanje mbwa wako dhidi ya kichaa anapofika miezi 3, kisha kila mwaka. Usimsahau paka. Mbwa 70 katika kila mbwa 100 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Tangazo la chanjo likitolewa, mpeleke hata yule mbwa wa boma asiye na jina. Wanaokwenda malishoni mbali na mifugo wawakumbuke mbwa wao kabla ya kuondoka, maana huko ndiko wanakokutana na bweha na fisi.

Kisha kuna minyoo. Tukichinja, tunamtupia mbwa mapafu na ini lenye malengelenge. Ndani yake mna mbegu za mnyoo tegu mdogo. Mnyoo huo hukomaa tumboni mwa mbwa, mayai yake hutoka kwenye kinyesi, yanashika manyoya, yanaingia kwenye maji na mikononi mwa watoto. Ndani ya mtu huota uvimbe wenye maji, hasa kwenye ini, unaokua kwa miaka mingi mpaka tumbo linavimba na upasuaji unahitajika. Ndugu zetu wa Turkana wameumia sana kwa ugonjwa huu, hata shirika la AMREF likaanzisha huko mpango maalum wa kuudhibiti mwaka 1983. Kinga yake ni rahisi: viungo vyenye malengelenge vichomwe au vizikwe shimo refu, mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mbwa asiachwe amlambe mtoto mdomoni.

YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

"Sisi ni Waislamu, mbwa hatumgusi. Mazungumzo haya yanatuhusu?" Yanawahusu sana. Kujiepusha na mate ya mbwa ni jambo linaloafikiana na afya. Na mnakijua kisa cha yule aliyemteremkia mbwa mwenye kiu kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake. Mbwa wa kulinda mifugo anaweza kukaa nje, akapewa maji, akachanjwa, bila kuingia nyumbani.

"Mbwa amemkwaruza mtoto tu, hakuna damu nyingi." Osha dakika 15, mlete. Mkwaruzo mdogo unatosha.

"Nina mimba, na nina paka. Nimfukuze?" Hapana. Ila usishike kinyesi chake, mwachie mtu mwingine kazi hiyo, nawa mikono, osha mboga, na pika nyama iive. Kuna ugonjwa utokao kwenye kinyesi cha paka na nyama mbichi unaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Mweleze muuguzi ukija kliniki ya wajawazito.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mnyama husema kwa mwili wake. Jifunze kumsoma kabla hajauma.
2. Mbwa aliyeinamisha kichwa ana hofu. Fimbo haimfundishi.
3. Mtoto mdogo na mbwa wasiachwe peke yao.
4. Mnyama aliyebadilika tabia ghafla, jitenge naye na utoe habari.
5. Ukiumwa: maji na sabuni dakika 15, hospitali siku hiyo hiyo, maliza sindano zote.
6. Chanja mbwa na paka kila mwaka.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Katika kijiji chetu mbwa ni wangapi, na wangapi wamechanjwa mwaka huu?
Mtu akiumwa usiku, atasafirishwaje, na nani ana simu ya kituo chenye chanjo?
Ni nani atakayewafundisha watoto mchezo wa mti na mchezo wa jiwe?

Mpendwa msikilizaji, jioni ya leo ukifika nyumbani, mtazame mbwa wako anavyokupokea. Angalia mkia, masikio, macho na mate. Ukikumbuka kwamba hajachanjwa, usingoje tangazo. Kesho asubuhi uliza ofisi ya mifugo. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu wa kichaa, kinga ndiyo tiba yenyewe. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii hapa Isiolo. Hadi mazungumzo yajayo, kaeni salama, nyinyi na mifugo yenu.